Yule Mdakia aliyeshuka nguzoni

Hotuba kwa wanafunzi wa uchongaji, siku ya kufunga maonyesho ya kazi zao za mwisho wa mwaka

Walimu wenzangu, wanafunzi, wazazi, na wazee wangu wachonga vinyago mliokuja moja kwa moja kutoka bandani, vumbi la mpingo bado kwenye nyusi: shikamooni. Itifaki tuihesabu imezingatiwa, maana tukianza kutajana hapa magharibi itatukuta.

Nimepewa mada ndefu: "Mchango wa sanaa katika historia ya taifa". Aliyeiandika anisamehe. Nimeshika patasi miaka mingi kuliko nilivyoshika kalamu, na mada za namna ile huwa zinanikimbia. Nitazungumza juu ya nguzo moja tu. Iko Roma, imesimama palepale tangu mwaka 113 BK, na mwilini mwake wamechongwa watu zaidi ya 2,600, pamoja na miti, mashua, farasi, ngome na kondoo. Inaitwa nguzo ya Trajan, kaisari wa Roma.

Kwanza nataka msaidizi. Wewe kijana wa mbele mwenye fulana nyekundu, panda juu ya hiyo meza. Shika huu. Ndiyo, ni mchi wa kinu. Nimeuazima kwa mama wa kantini na ameniapisha urudi mzima. Jana usiku nimeuzungushia utepe wa karatasi kutoka chini hadi juu, na kwenye utepe nimechora kisa: watu wanavuka mto, wanakata miti, wanapigana, wanazika. Uinue juu, baba. Juu zaidi. Haya, ninyi wa nyuma, nisomeeni kisa.

Mnaona nini? Mto, chini kabisa. Kisha? Kisha mistari. Na hicho kipande mnachokiona mnakiona nusu, nusu nyingine iko upande wa ukuta. Anayetaka kufuata kisa lazima ainuke aizunguke meza. Nguzo yenyewe utepe wake unazunguka mara 23, na ukiukunjua ni mita kama 200. Nani yuko tayari kuzunguka mara 23 huku shingo imeinuka? (Hakuna aliyejitokeza. Bibi mmoja safu ya pili alisema kizunguzungu chake kinamtosha.)

Asante, shuka. Hilo la kwamba kisa hakisomeki, tuliweke kiporo, nitalirudia.

Sasa tuiangalie kifundi. Nguzo imejengwa kwa marumaru nyeupe ya Luni, machimbo ambayo leo tunayaita ya Carrara. Mwili wake una urefu wa karibu mita 30, na ukiongeza kitako inafika mita 35 hivi. Haikuwa jiwe moja. Ni vipande vya duara vilivyopangwa kimoja juu ya kingine kama mawe ya kusagia, upana mita 3.7 hivi, kila kimoja tani kama 32, na kile cha kichwani kinapita tani 50. Kilipandishwa juu kabla ya Mungu kuwapa watu kreni ya injini. Kwa kamba, magurudumu ya mbao na jasho. Na ndani ya hivyo vipande wamechonga ngazi, jiwe kwa jiwe, daraja 185 zinazozunguka mpaka juu. Ngazi ile haikujengwa ndani ya nguzo, imechimbwa humohumo kwenye jiwe, kama sisi tunavyochimba tundu kwenye kinyago cha shetani. Tofauti ni kwamba ukikosea wewe unatupa gogo la shilingi elfu arobaini.

Msanifu anayetajwa ni Apollodorus, mtu wa Damascus. Huyuhuyu ndiye aliyemjengea Kaisari daraja la mto Danube, zaidi ya kilomita moja, nguzo 20 za mawe ndani ya maji yanayokwenda kasi. Mtu wa Sham, kaisari mwenyewe Trajan mzaliwa wa Hispania. Nalisema hili kwa sababu tunapenda kusema "Warumi" kana kwamba wote walitoka mtaa mmoja.

Na kisa ni kipi? Kaskazini ya mto Danube, nchi ambayo leo ni Romania, kulikuwa na watu wanaoitwa Wadakia. Mfalme wao Decebalus aliisumbua Roma kiasi kwamba kaisari mmoja kabla ya Trajan alikubali amani ya kumlipa fedha. Trajan hakuipenda amani hiyo. Akaenda vitani mwaka 101 na 102, wakapatana, mapatano yakavunjika, akarudi mwaka 105 na 106 na safari hii akaimaliza kazi. Mji mkuu wao, Sarmizegetusa, ukaanguka. Dhahabu ya milima ile ikaenda Roma. Mwanahistoria Cassius Dio anasema sherehe zilichukua siku 123, wakapigana watu 10,000 uwanjani na wakauawa wanyama 11,000. Katikati ya Roma pakajengwa uwanja mkubwa wa mikutano, ukumbi, maktaba mbili, moja ya vitabu vya Kilatini na moja ya Kigiriki, na katikati ya maktaba hizo ikasimamishwa nguzo.

Trajan aliandika kitabu juu ya vita vile. Kimepotea. Imebaki sentensi moja, iliyookolewa na mwalimu wa sarufi aliyeihitaji kwa mfano wa somo lake. Inasema: kutoka hapo tukaenda Berzobim, kisha Aizi. Basi. Kitabu kizima cha Kaisari kimebaki safari ya vituo viwili, kama kondakta anayeita abiria. Na Wadakia wenyewe hawakuacha kitabu chochote juu ya vita hivyo. Kwa hiyo kilichobaki kusimulia kwa urefu ni jiwe. Jiwe la mshindi, nakubali.

Nilipoiona mara ya kwanza haikuwa Roma. Ilikuwa London, kwenye jumba la makumbusho la Victoria and Albert, ambako wana nakala yake ya plasta iliyotengenezwa miaka ya 1860. Nakala ni ndefu kuliko paa, kwa hiyo wameikata katikati na nusu mbili zimesimama pembeni kwa pembeni kama ndugu waliogombania urithi. Tulikuwa tumepelekwa na vinyago vyetu kwenye maonyesho, mchana mmoja tukapewa mapumziko, wenzangu wakaenda dukani. Mimi nikaingia pale saa sita nikatolewa na mlinzi saa kumi na moja na nusu.

Niliingia nikitarajia vita. Nguzo ya ushindi, mauaji juu mpaka chini. Nikaanza kuhesabu, maana ndiyo tabia yangu. Askari anakata mti. Askari anakata mti. Askari kabeba gogo. Askari yuko shimoni, anainua kapu la udongo kumpa mwenzake aliye juu, na yule wa juu ameinama kulipokea. Askari wanajenga ukuta. Wanavuna ngano, wamevaa deraya za chuma na mundu mkononi. Wanapakia mashua. Kaisari anatoa hotuba. Askari wanajenga tena. Nikapita mizunguko kadhaa ndiyo nikaliona pambano la kwanza la maana. Mapigano ni sehemu ndogo tu ya utepe ule. Kilichojaa ni kibarua.

Mimi hapo nikakaa chini. Kwa sababu aliyechonga lile kapu la udongo ni mtu anayejua kapu la udongo lina uzito gani. Angalieni mgongo wa yule wa shimoni, jinsi kiuno kilivyoingia ndani. Hilo halitoki kwenye agizo la Kaisari. Kaisari aliagiza ushindi. Mgongo ule ameuleta fundi, pengine kutoka kwa baba yake, pengine kutoka machimboni asubuhi ileile.

Tulikaa na mawazo kwamba nguzo kama ile ni ya mtu mmoja, na kweli Trajan mwenyewe anaonekana karibu mara 60. Unamtambua kwa sababu kila aliye karibu naye anamtazama. Lakini kwa mizani ya fundi yeye ndiye sehemu dhaifu. Uso uleule, nywele zilezile zimelazwa kwenye paji, mkono uleule umenyooka. Anahutubia, anapokea wajumbe, anatoa sadaka, anahutubia. Hotuba zake zote zinafanana, ingawa wasikilizaji wake ni wavumilivu kuliko ninyi.

Mzaha mmoja umo, na nadhani ni mzaha. Karibu na mwanzo, mbele ya Kaisari na wakubwa wake, mtu mmoja nene anaporomoka kutoka mgongoni kwa nyumbu. Miguu juu. Wataalamu wanagombana juu yake mpaka leo. Dio anaeleza kwamba Trajan alipokuwa anaikaribia Dakia aliletewa uyoga mkubwa ulioandikwa kwa Kilatini ukimsihi arudi nyumbani, basi wengine wanasema huyu ndiye mjumbe wa uyoga. Wengine wanasema ni ishara ya ushindi. Mimi nawaambia: kila kazi ya miaka mingi ina siku ambayo mafundi wamechoka kuchonga wakubwa.

Katika miaka ya 1980 nguzo ilipokuwa inakarabatiwa na imezungushiwa jukwaa, mchongaji wa Kimarekani aliyeishi Roma, Peter Rockwell, alipanda akaikagua kwa karibu, kama fundi anavyokagua kazi ya fundi mwingine. Alama za vyombo bado zilikuwepo. Mikono ni mingi, mmoja anakata nywele kwa patasi bapa, mwingine anazitoboa kwa keekee. Na kuna vidirisha, zaidi ya 40, vya kuingizia mwanga kwenye ngazi. Vingine vimekaa vizuri. Vingine vimekata katikati ya picha bila huruma, vimepita kwenye ngao au kwenye ukuta wa ngome. Nilicheka nilipoona. Hiyo ni siku ambayo fundi wa ngazi na fundi wa picha hawakusalimiana.

Halafu mikono. Askari wengi wamekunja kiganja kana kwamba wameshika kitu, na hawashiki kitu. Inaelekea silaha nyingi zilikuwa za shaba zilizopachikwa, au za rangi, na zimetoweka. Kwa hiyo leo unaona majeshi mawili yanapigana ngumi tupu hewani. Mwanafunzi wangu mmoja nilipomwonyesha picha alisema wanacheza ngoma.

Nataka niwaonyeshe watu wawili watatu kwenye umati ule, kisha nitawaachia.

Wa kwanza ni wapanda farasi. Wanakuja mbio kutoka kushoto, Wadakia wanakimbia mbele yao kuingia msituni. Nywele zao zimesokotwa misokoto inayoning'inia, kanzu fupi, miguu mitupu. Farasi hawana tandiko wala lijamu, ni kamba tu shingoni. Hawa ni Wamauri, watu wa Afrika ya kaskazini magharibi, na kiongozi wao alikuwa Lusius Quietus. Aliinuka mpaka akawa konsuli wa Roma, cheo kikubwa cha uongozi, na gavana wa Uyahudi, kisha Trajan alipokufa wakamuua, mwaka 118, enzi za Hadrian, kaisari aliyefuata. Nguzo haimtaji jina. Fundi hakuandika "hawa ni Waafrika". Amesokota nywele, basi, na miaka 1,900 baadaye mtu wa Mtwara anasimama London anawatambua kabla hajasoma maelezo ukutani.

Wa pili ni Decebalus mwenyewe. Hii iko juu sana, mizunguko ya mwisho. Amekimbia, wapanda farasi wa Roma wamemfikia. Yuko chini ya mti, goti moja limeshagusa ardhi, kisu kipo shingoni mwake kwa mkono wake mwenyewe. Askari mmoja ameinama juu ya farasi, amenyoosha mkono kumwahi. Hakumwahi.

Mwaka 1965 huko Ugiriki, karibu na Philippi, liligunduliwa jiwe la kaburi la mpanda farasi anayeitwa Tiberius Claudius Maximus. Maandishi yake yanasema yeye ndiye aliyemkamata Decebalus na kupeleka kichwa kwa Trajan. Na juu ya maandishi kuna picha: farasi mbio, mpandaji, na mtu anaanguka, panga lake lililopinda linamponyoka. Tukio lilelile! Moja limechongwa na mafundi wa Kaisari, kwenye mzunguko ambao macho ya binadamu hayafiki. Lingine limechongwa kwa fedha ya mstaafu mmoja aliyetaka majirani wajue. Kwa ufundi, la Kaisari linashinda mbali. Lakini tazameni tofauti. Kwenye kaburi, Decebalus anaanguka, ni windo. Kwenye nguzo, Decebalus ndiye katikati, ndiye mwenye uso, na yule Mrumi ni mkono tu unaochelewa.

Hapa ndipo lilipo jambo langu la leo. Mafundi wale waliajiriwa kumtukuza Trajan, na walichompa Trajan ni muhuri, sura moja iliyopigwa mara 60. Uso walimpa adui. Wazee wa Kidakia wenye ndevu na kofia za sufu wakipiga magoti, hakuna wawili wanaofanana. Ndani ya mji uliozingirwa wamekusanyika kwenye chungu kikubwa, wananyoosha vikombe. Wengine husema ni sumu, wengine ni maji ya mwisho yanagawanywa. Mzee amemkamata kijana anayelegea, na kijana yule namna alivyolegea, mimi nimejaribu kuichonga kwenye mpingo mara nne na mara nne nimepata mtu aliyelala usingizi.

Sisemi walikuwa wema. Palepale kuna askari anapigana huku ameuma kwa meno nywele za kichwa alichokikata. Kuna wanawake wa Kidakia wanawachoma mateka kwa mienge, na hiyo picha iliwekwa ili Mrumi akiiona aseme "washenzi walistahili". Propaganda ni propaganda. Walioteketezwa hawakuulizwa. Ila patasi ikishagusa jiwe inafuata kitu kingine mbali na agizo, na wenzangu wa bandani mnajua nasema nini. Mteja anakuja anataka simba wa kutisha, unaanza vizuri, jioni unagundua unamchonga mbuzi aliye chini ya simba.

Nani basi aliviona vyote hivi? Watu wa kawaida waliona mizunguko ya chini, kama ninyi na mchi wangu. Pengine kutoka ghorofa za zile maktaba waliona zaidi. Maandishi ya kitakoni hayasaidii. Mistari sita, herufi nzuri ajabu. Herufi zenyewe mnazijua, ndizo mama wa zile zinazoandika majina kwenye mabango ya filamu mpaka mtu amechoka. Lakini zinasema nini? Kwamba Seneti na watu wa Roma wameisimamisha kuonyesha kilima kilichoondolewa mahali pale kilikuwa na kimo gani. Kilima! Mita 200 za vita, na kibao kinasema tulichimba sana. Dakia imo kama sehemu tu ya majina ya sifa ya Kaisari. Miaka michache baadaye, mwaka 117, Trajan akafa safarini, majivu yake yakawekwa humohumo kitakoni, ikawa kaburi.

Baada ya hapo iliponea chupuchupu mara nyingi. Mwaka 1162 Seneti ya Roma ya wakati huo ilitangaza kwamba atakayeiharibu auawe na mali yake itwaliwe. Mwaka 1587 Papa Sixtus wa Tano akaweka juu yake sanamu ya shaba ya Mtakatifu Petro, mvuvi wa samaki, na bado yuko pale. Ndivyo ilivyo hata kwenye vinyago vyetu vya ujamaa: watu wamebebana kutoka chini mpaka juu, halafu juu kabisa lazima tumweke mzee fulani.

Napoleon naye akataka ya kwake. Paris, uwanja wa Vendôme, mwaka 1806 mpaka 1810, mabamba ya shaba ya mizinga iliyotekwa vitani, na picha zinapanda kwa kuzunguka, kopi ya Roma. Tarehe 16 Mei 1871 watu wa Komuni ya Paris, waasi walioushika mji ule kwa muda, waliiangusha kwa kamba. Komuni iliposhindwa, mchoraji Gustave Courbet, ambaye alikuwa amependekeza iondolewe, akabebeshwa gharama za kuisimamisha upya, zaidi ya faranga 300,000. Akakimbilia Uswisi akafia huko mwaka 1877, deni halijalipwa. Wachoraji mliomo humu chungeni midomo.

Sasa yule niliyewaahidi kwenye kichwa cha hotuba.

Mwaka 1896. Transylvania, nchi iliyokuwa Dakia, iko chini ya Hungary, na watu wengi wa huko wanazungumza Kiromania, lugha iliyotokana na Kilatini cha walewale walioiteka. Kuna mchunga kondoo anaitwa Gheorghe Cârțan, watu wanamwita Badea, maana yake kama sisi tunavyosema kaka fulani kwa heshima. Umri wake unakaribia miaka 47. Kazi yake ya siri ni kuvusha vitabu vya Kiromania kwa magendo kupitia milimani, amevifunga mwilini, kuwapelekea watu wa vijijini. Amesoma kwamba Roma kuna nguzo yenye picha za mababu zake. Hatosheki kusoma. Anaanza kutembea.

Zaidi ya siku 40, wakati wa baridi, kwa miguu, na jozi kadhaa za viatu vya ngozi begani kwa sababu alijua vitakwisha. Anafika Roma jioni. Anaitafuta nguzo. Kutoka mkobani anatoa udongo wa kwao na punje za ngano, anavimwaga kitakoni. Kisha amechoka, anajifunika joho lake, analala palepale chini ya jiwe.

Asubuhi askari polisi anapita. Anamkuta mtu amelala, amevaa shati refu, mkanda mpana wa ngozi, kofia ya manyoya ya kondoo, viatu vya ngozi vilivyofungwa kwa kamba mpaka juu ya kifundo. Anamwangalia mtu. Anaangalia nguzo. Mtu. Nguzo. Wako walewale. Magazeti ya Roma yakaandika kwamba Mdakia ameshuka kutoka nguzoni.

Mimi habari hii nimeisimulia mara nyingi na kila mara nagota kwenye swali moja: Badea Cârțan alikwenda kuona nini? Nguzo ile ni ya kusherehekea kuuawa kwa watu wake. Ni kama mtu atoke kijijini atembee mpaka Ulaya akaone mnara wa waliomchoma babu yake. Wapo wanaosema alikwenda kwa upande wa Trajan, kwa sababu ya lugha, na ni kweli Waromania wanawahesabu wote wawili kuwa baba, aliyeshinda na aliyeshindwa, hesabu ngumu hiyo. Baadaye taifa lao lilitengenezewa nakala kamili, mwaka 1939 mpaka 1943, vita vikaichelewesha, ikafika Bucharest mwaka 1967. Imewekwa vipande kwa vipande chini, usawa wa macho, kwenye makumbusho ya historia ya taifa. Huko mtu wa kawaida anaweza kusoma kisa chote bila kuinua shingo: mjini kwa walioshindwa.

Lakini jibu langu ni la kifundi. Alikwenda kuona viatu. Fundi mmoja, hatujui jina, aliyekuwa analipwa kumchonga mtu wa kushindwa, alijisumbua kuangalia kamba za kiatu zinafungwaje kwenye kifundo cha mguu. Angeweza kuchonga mguu mtupu, nani angejua? Iko mita 15 juu hewani. Alizichonga, na mchunga kondoo akaja kuzikuta.

Mwaka jana nilifika Roma yenyewe. Nilikuwa na darubini ya kuazima, na nilizunguka uzio ule mpaka muuza maji akaanza kunisalimia. Sikuhesabu mizunguko yote 23, shingo yangu ina umri wake. Nilikuwa natafuta mwisho, kwa sababu London sikuuona vizuri. Mwisho wa utepe uko juu kabisa, chini ya kichwa cha nguzo. Nilidhani patakuwa na gwaride, Trajan juu ya gari, tarumbeta. Trajan hayupo kabisa. Kuna watu wanahama. Wamebeba mizigo begani, mtoto kashikwa mkono, mmoja anageuza kichwa kutazama nyuma anakotoka. Mbele yao wanaswagwa wanyama, ng'ombe, kondoo, mbuzi. Utepe unazidi kuwa mwembamba kwa sababu nguzo inakwisha, na wanyama nao wanazidi kubanwa mpaka pale jiwe linapoishia.

Kijana wa fulana nyekundu, hebu ule mchi umrudishie mama kabla hajaja mwenyewe.